Maulbronn: Upande wa Magharibi wa Ukuta

Jumapili moja ya miaka ya 1180, mabruda wa Maulbronn, abasia (nyumba ya watawa inayoongozwa na abate), wanaingia kanisani na kubaki upande wa magharibi. Mikono yao ina sugu. Wana ndevu, tofauti na watawa wa kwaya wanaonyolewa. Wanajipanga mbele ya ukuta wa mawe unaolikata kanisa vipande viwili, toka nguzo za kaskazini hadi za kusini. Ukuta una milango miwili, na kati ya milango hiyo ipo altare yao. Ng'ambo yake zaburi zinaimbwa kwa Kilatini.

Wanazisikia. Wanachokiona ni mawe.

Ukuta huo umesimama hadi leo. Nyumba nyingi za utawa Ulaya zilikwisha kuubomoa wa kwao, lakini hapa, kusini-magharibi mwa Ujerumani kati ya Karlsruhe na Stuttgart, ulinusurika. Anayetembeza wageni huutaja kwa sentensi moja kisha huwapeleka kwenye baraza la mbele la kanisa, lile lililojengwa yapata 1220, ambalo kwa kweli ni zuri.

Mimi ukuta huo umenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Sifa kubwa ya Wasitoo, watawa walioijenga Maulbronn, ni kwamba walisali na kufanya kazi kwa mikono yao. Sasa mbona wanaosali wako upande mmoja na wenye sugu wako upande mwingine?

## Isipokuwa utawa

Wasitoo walianza mwaka 1098 huko Cîteaux, Ufaransa, pale Roberto wa Molesme na wenzake walipoiacha abasia yao iliyostawi ili waishike Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuipunguza. Sura ya 48 ya Kanuni hiyo inasema watawa huwa watawa kweli wanapoishi kwa kazi ya mikono yao. Basi wakakataa mapato ya kibwanyenye: zaka, kodi za vijiji, faida ya vinu vya kusaga, na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana.

Hesabu ikagoma mara moja.

Kanuni hiyohiyo inamtaka mtawa awe kanisani mara saba mchana na mara moja usiku. Mtu wa ratiba hiyo hawezi kulima shamba lililo mwendo wa saa nne kwa miguu. Hawezi kukesha zizini kondoo wanapozaa. Mvua ikitishia nyasi zilizokatwa, hawezi kuziacha zioze kwa sababu kengele imelia, na hawezi kuiacha kengele kwa sababu ya nyasi.

Wale wa kwanza waliliona hilo na wakaandika suluhisho lao waziwazi. Kwa ruhusa ya askofu wangepokea walei wenye ndevu, na kuwatendea katika uhai na katika kifo kama wanavyojitendea wao wenyewe, *isipokuwa utawa*. Wangepokea na vibarua pia. Sababu hawakuificha: bila msaada wa watu hao wasingeweza kuzishika amri za Kanuni usiku na mchana.

Walei hao wenye ndevu ndio mabruda, na kwa hiyo bruda hakuwa kibarua. Alipitia mwaka mmoja wa unovisi, yaani wa majaribio na mafunzo, akaweka nadhiri mbele ya abate, na nadhiri hiyo ilikuwa ya maisha. Lakini hakuhesabiwa kuwa mtawa, na hakuwa na njia ya kuja kuwa mtawa baadaye. Abate alipochaguliwa, hakupiga kura.

Kanuni za mabruda zilikwenda mbali zaidi. Bruda asiwe na kitabu. Ajifunze Baba Yetu, Nasadiki, zaburi ile ya "unirehemu, ee Mungu", na mambo mengine machache aliyoruhusiwa, na ajifunze kwa kukariri, si kwa kusoma. Watawa walipoimba zaburi, yeye huko aliko alisema Baba Yetu kwa idadi iliyopangwa. Komunyo alipokea mara saba kwa mwaka.

Nilipofika hapo hukumu yangu ilikuwa tayari: hawa walikuwa watumishi waliovalishwa joho.

Halafu nikakutana na Walter.

## Bwana aliyekwenda kwa mabruda

Walter von Lomersheim alikuwa mwungwana mwenye ardhi. Mwaka 1138 alitoa urithi wake wa Eckenweiher, karibu na mji wa leo wa Mühlacker, ili ijengwe nyumba ya Wasitoo. Kutoka Neubourg, Alsace, akaja Abate Dieter na watawa 12, pamoja na mabruda kadhaa. Idadi ya 12 na abate wao ilikuwa desturi ya shirika, kwa mfano wa mitume.

Walter mwenyewe akajiunga nao. Akajiunga kama bruda.

Mtu aliyekuwa na uwezo wa kudai kiti cha mbele alichukua upande wa ndevu na jembe. Hilo liliniharibia hukumu yangu. Kama ubruda ulikuwa utumishi mtupu, bwana mwenye mali anautafutia nini? Ninavyoona, katika kizazi kile cha kwanza upande wa magharibi ulikuwa na heshima yake. Mlei asiyejua Kilatini alipata mlango wa kuingia katika maisha ya nadhiri, jambo ambalo abasia za kale, zilizolea watoto wa mabwana tangu utotoni, hazikumrahisishia.

Eckenweiher haikufaa. Mwaka 1147 Askofu Günther wa Speyer aliwahamishia kwenye bonde la kijito cha Salzach, na hapo ndipo Maulbronn ilipo. Mwaka uliofuata Papa Eugenio III akaiweka chini ya ulinzi wake. Mwaka 1156 Kaisari Frederick Barbarossa akafanya vivyo hivyo, na mwaka 1157 watawa wa Maulbronn walikuwa tayari wameanzisha nyumba nyingine, Schöntal. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1178 na Askofu Mkuu Arnold wa Trier.

Miaka 31 toka kuhamia bondeni hadi kuweka wakfu. Katika miaka hiyo bonde lenyewe ilibidi ligeuzwe kwanza.

## Maji kwanza

UNESCO ilipoiingiza Maulbronn katika Urithi wa Dunia mwaka 1993, sababu haikuwa majengo peke yake. Ilikuwa pia mfumo wa maji: mabwawa, mifereji na mitaro ambayo watawa waliisambaza bondeni kote, na sehemu yake nzuri bado inaonekana.

Kwanza maji yaliamua mpangilio wa nyumba. Katika abasia nyingi ua wa ndani, ule wenye baraza pande nne, huwa kusini mwa kanisa, mahali jua linapopiga. Maulbronn uko kaskazini, kwa sababu maji yako kaskazini. Jiko, bwalo la chakula, kisima cha kunawia na vyoo vyote vinataka maji yanayopita, kwa hiyo kivuli cha kanisa kikavumiliwa.

Kisha kuna mabwawa. Mtawa haruhusiwi kula nyama ya mnyama wa miguu minne isipokuwa akiwa mgonjwa. Ndivyo isemavyo sura ya 39 ya Kanuni. Ukiongeza Kwaresima na siku nyingine za mfungo, nyumba yenye watu wengi namna hiyo inahitaji samaki wa kufugwa. Na bwawa la zama zile halikuwa shimo lenye maji.

Unaanza na mtaro chini ya mstari wa tuta, unaochimbwa mpaka kwenye tabaka la udongo wa mfinyanzi. Ukiruka hatua hiyo, maji yatapita chini ya tuta na utabaki unashangaa bwawa haliji kujaa. Mtaro unajazwa udongo wa mfinyanzi, na moyo wa tuta unapandishwa kwa udongo huohuo, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja likishindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Tabaka likiwa nene, juu linashikamana lakini chini linabaki na mianya.

Sehemu ya hatari kuliko zote ni bomba la chini, gogo la mwaloni lililotobolewa au kuchongwa mfereji na kufunikwa, linalopita chini ya tuta na kuzibwa kwa kizibo upande wa maji. Maji hupenda kufuata nje ya bomba, pale mbao na udongo vinapokutana. Mwanzoni ni unyevu tu upande wa chini. Baadaye yanatoka machafu, maana yake yanabeba udongo wa tuta lenyewe, na hapo muda wa kuliokoa umebaki mfupi. Dawa ni kushindilia mfinyanzi kuzunguka bomba kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote, na kuhakikisha mwaloni haukauki. Mwaloni uliozama daima hudumu vizazi. Unaokauka na kulowa kwa zamu huoza.

Pembeni ya tuta inawekwa njia ya maji ya ziada, iliyosakafiwa kwa mawe. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake hukatika katika dhoruba moja.

Vuli ikifika unavuta kizibo. Maji yanashuka pole kwa siku kadhaa, samaki wanakusanyika kwenye shimo lililoachwa makusudi mbele ya bomba, watu wanaingia na nyavu na vikapu, matope hadi mapajani, katika baridi. Karpi huhitaji kama majira matatu ya joto kufikia ukubwa wa mezani, ndiyo maana bwawa moja halitoshi: vifaranga hapa, wa mwaka wa pili kule, wakubwa pale. Kila baada ya miaka kadhaa bwawa linaachwa kavu ili matope yapigwe na jua na baridi, na pengine linapandwa nafaka kabla ya kujazwa tena.

Juu ya mabwawa, mitaro ilichimbwa kando ya miteremko kuyadaka maji ambayo yangekwenda bonde jingine. Mteremko wa mtaro ukiwa mkali, maji yanautafuna. Ukiwa mdogo mno, unajaa mchanga na majani. Kila mwaka lazima mtu apite na koleo.

Ratiba ya sala mara nane haina nafasi ya mtu huyo. Hakuna hati inayosema nani alishika koleo siku gani, na vibarua wa kulipwa walikuwapo pia. Lakini kazi ya namna hii, inayodai mtu awepo pale maji yanapopanda hata kama ni usiku, ndiyo iliyofanya ubruda uwe wa lazima.

## Shamba la mwendo wa siku moja

Mashamba ya abasia yaliendeshwa kwa mpango ambao, kwa zama zile, ulikuwa mpya kabisa. Kila shamba kubwa, kama lile la Elfingen karibu na Maulbronn lenye mizabibu yake, lilikuwa kituo kamili: ghala, mazizi, bweni, chumba cha kulia. Lilisimamiwa na bruda mkuu wa shamba, aliyewajibika kwa mtawa mwenye kushika mali ya nyumba. Watawa wa kwaya hawakuruhusiwa kuishi huko.

Sheria ilisema shamba lisizidi mwendo wa siku moja kutoka abasia. Haikuwa suala la usafirishaji. Mwanzoni Misa haikuruhusiwa kuadhimishwa mashambani, kwa hiyo bruda alipaswa kurudi nyumbani siku za Jumapili na sikukuu. Mkuu wa shamba alibaki na hesabu ngumu: nani anarudi, nani anabaki na ng'ombe.

Sheria hiyo ilivunjwa na ukarimu. Watu waliotaka kuombewa walitoa ardhi pale walipokuwa nayo, si pale shirika lilipopenda. Abasia ikajikuta na shamba la siku mbili, kisha la siku tatu. Bruda wa huko alikaa majuma bila kumwona abate.

Kwa upande wa riziki hakuwa pabaya. Asubuhi alipewa mkate ambao mtawa wa kwaya hakuupata, na mashambani mifungo ililegezwa. Akiugua aliuguzwa. Akifa aliombewa kama mtawa. Mkulima wa kawaida wa bonde la jirani alidaiwa siku za kazi na bwana wake, na alipokufa bwana alikuja kuchukua mnyama bora zizini. Ningekuwa mtoto wa tatu wa mkulima huyo, mwaka 1160, ningegonga mlango wa Maulbronn bila kusita.

Na wengi waligonga. Huko Rievaulx, Uingereza, aliyeandika maisha ya Abate Aelred, aliyefariki mwaka 1167, anataja watawa 140 na mabruda na wafanyakazi wapatao 500. Wingi ulikuwa upande wa magharibi.

Bado kuna jambo moja ambalo mkate hauliponyi. Bruda ndiye aliyekwenda sokoni. Maulbronn ilikuwa na nyumba yake mjini Speyer ya kuhifadhia na kuuzia mazao, na mtu wa kazi hizo alijua bei ya divai, alijua mnunuzi gani hulipa na yupi huahidi, alijua shamba lipi linakula mtaji. Mtawa wa kwaya aliyeingia na miaka 16 huenda hakuvijua kabisa. Siku ya kumchagua abate, yaani mtu atakayeamua kuhusu divai hiyo na mashamba hayo, mtawa anapiga kura. Bruda anasubiri kuambiwa jina.

## Viatu vya Schönau

Karibu na Heidelberg, si mbali na Maulbronn, ilikuwapo abasia nyingine ya Wasitoo, Schönau. Yapata mwaka 1168 mabruda wake waliasi, na sababu ilikuwa viatu.

Walikuwa wamezoea kupata viatu vipya kwa utaratibu fulani. Abate akaubadilisha, wakakosa. Wakapanga kwamba sikukuu ya Noeli wataingia bweni la watawa na kuvikatakata viatu vyao, nao waonje.

Kisa hiki tunacho kwa mkono wa Konrad wa Eberbach, mtawa aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 13. Katika simulizi lake kiongozi wa njama anakufa ghafla kabla ya mpango kutekelezwa, wenzake wanashikwa na hofu na kuomba msamaha. Funzo limefungwa vizuri. Limefungwa vizuri kupita kiasi, na ndiyo maana sina imani nalo lote. Konrad aliwaandikia watawa. Mabruda, waliokatazwa kitabu, hawakutuachia upande wao wa kisa.

Ila viatu vyenyewe naviamini. Mtu anayetunga hadithi ya uasi dhidi ya Mungu angetafuta sababu kubwa zaidi. Viatu ni sababu ya mtu anayesimama kwenye matope ya bwawa mwezi Novemba huku mwenzake akisimama kwenye sakafu ya kanisa. Nacho kiatu, tofauti na kura, kinaonekana kwa macho. Unaweza kusema "mimi sina, yule anacho", bila kuhitaji Kilatini.

Schönau haikuwa peke yake. Wanahistoria wamehesabu zaidi ya matukio 100 ya ghasia za mabruda katika shirika zima kati ya karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 14. Baadhi yalichochewa na marufuku ya pombe mashambani.

Jibu la shirika ndilo lililonikatisha tamaa kuliko uasi wenyewe. Mwaka 1188 Mkutano Mkuu wa maabate uliamua kwamba mlei mwungwana akija kwenye abasia asifanywe bruda, awe mtawa. Miaka 50 tu toka Walter von Lomersheim atoe urithi wake, alichokichagua Walter kikawa hakiruhusiwi.

Hapo ndipo ukuta ulipobadilika. Ulikuwa umetenganisha kazi mbili. Sasa ukatenganisha watu wa aina mbili.

## Upande unaopungua

Watoto wa tatu wa wakulima hawakukosa pa kwenda katika karne ya 13. Miji ilikua na kulipa ujira. Wafransisko na Wadominiko walifungua nyumba mijini, na mwenye kiu ya maisha ya nadhiri alikuwa na milango mingine. Mabruda wakapungua, mwaka baada ya mwaka, bila tukio la kuandikwa.

Shamba lisilo na bruda lina njia mbili: kuajiri au kukodisha. Mapema katika karne hiyo Mkutano Mkuu ulianza kuruhusu ardhi ikodishwe, kwanza kwa masharti, baadaye kwa ulegevu zaidi. Mpangaji analipa kodi. Kodi inakuja bila kujali mtawa ameshika jembe au la. Tauni Kuu ya 1348 hadi 1350 ilipopita, watu wa kulima wakawa adimu zaidi, na mtindo wa kale haukuwa na nafasi ya kurudi.

Kwa hiyo Wasitoo wakaishia kwenye kilekile walichokikimbia mwaka 1098: vijiji, kodi, zaka. Maulbronn ya karne ya 15 ilikuwa bwana wa vijiji vingi, yenye kuta na minara ya ulinzi. Watu husema shirika liliharibiwa na utajiri. Nadhani mpangilio ni mwingine: kwanza upande wa magharibi uliachwa na watu, kisha utajiri ukaingia kuziba pengo la kazi.

Bwalo la mabruda bado lipo katika jengo la magharibi, chumba kirefu chenye nguzo fupi nene zilizosimama mbilimbili. Ukitoka hapo ukaingia bwalo la watawa wa kwaya, lililojengwa katika robo ya kwanza ya karne ya 13, utaona nguzo ndefu, nene na nyembamba zikipokezana, na dari iliyo juu sana. Nyumba moja, chakula karibu kilekile.

## 1424

Kuna bruda mmoja ambaye jina lake halikupotea. Mwaka 1424 dari ya mbao ya kanisa iliondolewa na mahali pake ikawekwa dari ya matao ya mawe yenye mbavu zilizosukwa kama wavu. Kazi hiyo inatajwa kuwa ya bruda Berthold.

Wajenzi watajua ugumu wake. Dari ya mbao inalalia ukuta na kuukandamiza chini tu. Dari ya matao inausukuma ukuta nje, mchana na usiku. Kuta za Maulbronn zilijengwa karne ya 12 kwa ajili ya mbao. Ukiziwekea matao bila kuziegemeza zitafunguka juu, nyufa zitaanza kwenye kilele cha tao, na mwisho mawe yatashuka. Kwa hiyo kabla ya jiwe la kwanza la dari lazima kuwe na mihimili ya kupokea msukumo nje ya ukuta. Nafasi kati ya mihimili ya kusini zikatumika kwa vikanisa vidogo, ambavyo vinaonekana hadi leo. Jiwe lilikuwa la hapohapo: jiwe-mchanga la Maulbronn, laini kuchonga linapotoka machimboni.

Mtu wa upande wa magharibi aliwafunika wote, pande zote mbili za ukuta, kwa dari moja. Ukuta hakuugusa. Yapata 1450 watawa wa kwaya walichongewa viti 92 vya mbao upande wao, na mwaka 1473 mbele ya ukuta, upande wa walei, ukasimamishwa msalaba mkubwa wa mawe.

## Waliokuja kudai

Mwaka 1504 Duki Ulrich wa Württemberg aliizingira na kuitwaa abasia. Mwaka 1525, katika Vita vya Wakulima, wakulima wenye silaha waliingia ndani yake. Walikuwa na malalamiko kuhusu zaka, kodi, misitu na maji ya kuvulia. Mabwawa yale yaliyopandishwa tabaka kwa tabaka yalikuwa sasa ni mali inayolindwa dhidi ya wanakijiji.

Mageuzi ya Kiprotestanti yalifika Württemberg mwaka 1534, na nyumba ikafungwa. Kwa muda Maulbronn ilitumika kuwakusanya watawa wa nyumba nyingine waliokataa kubadili imani. Mwaka 1556 Duki Christoph akafungua humo shule ya kuwaandaa vijana kuwa wachungaji wa Kilutheri, na mwaka 1586 akaingia mwanafunzi aliyetoka familia isiyo na mali nyingi, Johannes Kepler, mwanaastronomia wa baadaye, aliyekaa hadi 1589 kabla ya kwenda chuoni Tübingen. Kwa kuwa shule ilihitaji majengo, majengo hayakubomolewa.

## Mabruda wa Peramiho

Msomaji wa Tanzania hahitaji kusafiri hadi Ujerumani kulielewa jambo hili. Wabenedikto wa St. Ottilien waliofika Dar es Salaam mwaka 1888, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, walikuja na mpangilio huohuo: mapadre upande mmoja, mabruda upande mwingine. Maseremala, waashi, mafundi chuma, wapiga chapa na wafuga ng'ombe walikuwa mabruda. Makanisa, hospitali na karakana za kusini zilipita mikononi mwao pamoja na mikono ya mafundi wenyeji waliowafundisha na waliofundishwa nao.

Na katika nyumba zao, kura ya kumchagua abate haikuwa yao.

Mpangilio huu ulivuka Zama za Kati, Mageuzi ya Kiprotestanti, vita vikuu viwili na bahari. Ulibadilishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya *Perfectae Caritatis* ya tarehe 28 Oktoba 1965, katika namba 15, iliagiza wanaoitwa mabruda waunganishwe kwa karibu na maisha na kazi za jumuiya, na ikaruhusu mapadre na wasio mapadre wa nyumba za wanaume wapokelewe kwa msingi mmoja, wenye haki na wajibu sawa, ukiacha yale yanayotokana na upadre. Miaka iliyofuata mabruda wa Kibenedikto wakaingia kwenye chumba cha mkutano na karatasi zao za kura, na vitabu vya sala vikawa katika lugha ambazo kila mmoja ndani ya nyumba alizisoma.